Kufuata mkwanja kwenye ligi ndogo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila dirisha la usajili likifunguliwa, maswali ni yale yale. Fulani kaondoka Ulaya ana miaka 26 kwenda Riyadh, na kijiweni watu wanagawanyika: hawa wanasema kaua kipaji, wale wanasema mwacheni ale maisha. Tumekusanya maswali yanayorudi zaidi na kuyajibu kwa mifano ya wachezaji mnaowafahamu. Majibu hayalingani urefu, na pale mwandishi mwenye upande wake hakuuficha.

"Ligi ndogo" ni ipi hasa?

Inategemea umesimama wapi. Shabiki wa Liverpool anaiona ligi ya Saudi Arabia kama mahali pa kwenda kumalizia soka. Kijana anayecheza klabu ya mkoani, mshahara wa Januari anaupata Aprili, akisikia Iraq anaona kapanda. Kwenye ukurasa huu tunaita ndogo ligi yoyote iliyo chini ya kiwango alichonacho mchezaji siku anayosaini. Ndiyo maana ligi ileile inaweza kuwa ndogo kwa Karim Benzema na kubwa kwa mchezaji wetu.

Halafu udogo wenyewe haukai mahali pamoja. Tarehe 30 Juni 2025, huko Orlando, Al-Hilal waliifunga Manchester City 4-3 katika Kombe la Dunia la Klabu, baada ya muda wa nyongeza. Yassine Bounou alikuwa langoni na Kalidou Koulibaly alikuwa mmoja wa wafungaji. Wote wawili walikuwa wamechek­wa miaka miwili nyuma kwamba wamekwenda kustaafu. Ila tusidanganyane: klabu moja yenye nguvu haifanyi ligi nzima iwe na nguvu. Al-Hilal hao hao wakirudi nyumbani wanacheza na timu inayopambana isishuke daraja, na majukwaa yana nafasi za kulala.

Haya mambo yalianza na Ronaldo?

Hapana, yana umri wa babu zetu. Mwaka 1949 ligi ya Colombia ilikuwa imekosana na FIFA, hivyo klabu zake zikawa zinachukua wachezaji bila kulipa ada ya uhamisho na kuwapa wao zile pesa. Alfredo Di Stéfano akaondoka River Plate, Argentina ikiwa katika mgomo wa wachezaji, akaenda Millonarios ya Bogotá. Mwaka 1950 beki wa kati wa England, Neil Franklin wa Stoke City, akafuata njia hiyo kujiunga na Santa Fe. Msishangae sana: Uingereza wakati ule kulikuwa na kikomo cha mshahara, pauni 12 kwa wiki, hata uwe nani. Kikomo hicho kilikuja kuondolewa mwaka 1961.

Waangalieni hao wawili vizuri, kwa sababu kila mjadala wa leo umo ndani yao. Franklin alikosa Kombe la Dunia la 1950, lile ambalo England walifungwa 1-0 na Marekani. Akarudi nyumbani mapema, akafungiwa, na jezi ya taifa hakuivaa tena. Di Stéfano akatoka Bogotá mwaka 1953, akatua Real Madrid na kubeba makombe matano ya Ulaya mfululizo. Safari moja, mji mmoja, na pesa ileile. Tofauti yao ilikuwa njia ya kurudi, na hilo ndilo utaona tunalirudia humu.

Baadaye akaja Pelé na New York Cosmos mwaka 1975, Samuel Eto'o na Anzhi ya Dagestan, Urusi, mwaka 2011, wimbi la China mwaka 2016 na 2017, kisha Saudia. Ronaldo alitua Al-Nassr mwishoni mwa Desemba 2022, ana miaka 37, mwezi mmoja tu baada ya kuachana na Manchester United. Mlango wenyewe ulifunguka Juni 2023, pale mfuko wa uwekezaji wa serikali ya Saudia, PIF, ulipochukua asilimia 75 ya Al-Hilal, Al-Nassr, Al-Ittihad na Al-Ahli kwa mpigo.

Kwani wanalipwa kiasi gani mpaka waache Ligi ya Mabingwa?

Mshahara wa Ronaldo uliripotiwa kukaribia euro milioni 200 kwa mwaka, matangazo ya biashara yakiwemo. Oscar alipotoka Chelsea kwenda Shanghai mwanzoni mwa 2017, ilitajwa pauni 400,000 kwa wiki. Klabu huwa hazianiki mikataba, kwa hiyo zichukue namba hizi kama za magazeti.

Watu wengi wanasahau kodi. Uingereza, mwenye kipato kikubwa anakatwa hadi asilimia 45 kwenye sehemu ya juu ya mapato yake. Saudia mshahara haukatwi kodi ya mapato. Kwa hiyo ukisikia mchezaji "kaongezewa mara mbili", kile kinachoingia mfukoni kimeongezeka karibu mara nne. Fanya hesabu hiyo kwanza, ndipo umtukane.

Mbona wote wanasema "nimevutiwa na mradi"?

Kwa sababu wakala kawaambia waseme hivyo. Ukimsikia mchezaji anataja mradi mara tatu katika mahojiano ya dakika mbili, elewa mradi una sifuri nyingi. Sisi tungemheshimu zaidi anayesema wazi, kama Carlos Tevez alivyofanya. Alikwenda Shanghai Shenhua, akafunga mabao manne, akarudi Boca Juniors Januari 2018 na kusema kule alikuwa likizo kwa miezi saba. Ni majibu ya dharau kwa waliomlipa, lakini angalau hakuzunguka.

Jordan Henderson ndiye aliyeumia zaidi kwa maneno. Nahodha wa Liverpool, aliyekuwa akivaa hadharani kitambaa chenye rangi za upinde wa mvua kutetea mashoga, Julai 2023 akaenda Al-Ettifaq kwa Steven Gerrard. Alipojaribu kueleza kwamba pesa haikuwa sababu, akazidi kuharibu. Oktoba mwaka huo alizomewa Wembley akiwa na jezi ya England, na kufikia Januari 2024 alikuwa Ajax. Kila mtu ana bei yake, na mashabiki wanajua hivyo. Wasichopenda ni kufanywa watoto.

Mchezaji akienda huko, timu ya taifa ndiyo basi?

Inategemea taifa gani. Oscar ndiye aliyefunga bao la Brazil siku ile ya 7-1 na Ujerumani mwaka 2014. Alipokwenda China alikuwa na miaka 25, na tangu hapo hakuichezea Brazil tena. Brazil ina viungo kumi wa kariba yake wanaocheza Ulaya kila wiki. Kocha hana sababu ya kupoteza usingizi akitafuta mechi za Shanghai.

Lakini Paulinho anaivuruga hoja hiyo. Alishindwa Tottenham, akauzwa Guangzhou Evergrande mwaka 2015, watu wakamzika. Mwaka uliofuata Tite, aliyemfundisha Corinthians, akapewa timu ya Brazil na kumwita. Agosti 2017 Barcelona wakalipa euro milioni 40 kumtoa China, akatwaa ubingwa wa Hispania na kwenda Kombe la Dunia la 2018. Kilichombeba ni kwamba kocha alikuwa anamjua tayari, na China alicheza kila wiki badala ya kukaa benchi London.

Kwa Saudia mifano ni mizuri zaidi. N'Golo Kanté aliitwa Ufaransa kwa ajili ya Euro 2024 akitokea Al-Ittihad, baada ya kukaa nje ya timu miaka miwili, na mechi ya kwanza na Austria akawa mchezaji bora wa mechi. Aymeric Laporte alianza fainali ya michuano hiyo na kutwaa kombe na Hispania huku klabu yake ikiwa Al-Nassr.

Kwa nchi zetu swali hili halina uzito huo. Simon Msuva alikuwa mchezaji wa Al-Talaba ya Iraq tarehe 19 Novemba 2024, alipofunga kwa Mkapa bao pekee dhidi ya Guinea lililoipeleka Taifa Stars AFCON ya Morocco. Siku ile uwanjani hakuna aliyeuliza ligi ya Iraq inashika nafasi ya ngapi duniani.

Anaweza kurudi Ulaya akitaka?

Anaweza, wengi wamerudi. Laporte amerudi Athletic Bilbao. Gabri Veiga yuko Ureno na Porto. Henderson alipitia Ajax hadi Brentford. Kikwazo ni mshahara: ukishazoea namba za Jeddah, hakuna klabu ya Ulaya ya daraja la kati itakayokulipa nusu yake, na familia imeshajipanga kwa kipato kile. Kwa hiyo anayerudi inabidi akubali kukatwa pesa, au asubiri mkataba uishe. Katika kusubiri, miguu inazeeka.

Neymar yeye hakupata hata cha kusubiri. Al-Hilal walilipa takribani euro milioni 90 mwezi Agosti 2023, akaumia goti Oktoba akiichezea Brazil na Uruguay. Mechi saba, bao moja, mkataba ukavunjwa kwa makubaliano Januari 2025, akarudi Santos. Lakini majeraha yangeweza kumkuta Paris vilevile, hatuwezi kuyabebesha Saudia.

Umri gani hampendi kuona mtu anakwenda?

Chini ya miaka 24. Hapo tuna msimamo.

Agosti 2023 Gabri Veiga, miaka 21, msimu wake bora kabisa ndiyo kwanza umeisha pale Celta Vigo, akachagua Al-Ahli. Toni Kroos aliandika neno moja tu mtandaoni: aibu. Watu wakamshambulia Kroos, kwamba yeye keshashiba Madrid anawasemaje wenzake. Kuhusu tabia walikuwa na haki, kuhusu soka hatudhani. Umri wa miaka 21 mpaka 24 ndio kiungo anajifunza kucheza akibanwa, dhidi ya watu wanaofikiri haraka kuliko yeye. Miaka hiyo haiuzwi baadaye. Jhon Durán naye, miaka 21, alitoka Aston Villa kwenda Al-Nassr Januari 2025. Kiangazi kilipofika alikuwa Fenerbahçe kwa mkopo.

Rúben Neves alikuwa na miaka 26 alipotoka Wolves kwenda Al-Hilal, na huyo ni wa katikati: tayari alikuwa nahodha, alishakomaa, na Al-Hilal inacheza mechi kubwa. Tungependa kumuona kwingine, lakini hatuna ugomvi naye.

Juu ya miaka 30? Nendeni salama. Riyad Mahrez aliondoka City na miaka 32 akiwa ametwaa mataji yote ya Ulaya ambayo mtu anaweza kuyataka, akaenda Al-Ahli na Mei 2025 akabeba ubingwa wa klabu bingwa Asia. Sadio Mané kijijini kwao Bambali kuna hospitali na shule alizojenga. Mtu wa namna hiyo unamwambia nini kuhusu pesa?

Michael Olunga angefika wapi asingekwenda Qatar?

Swali hili linatoka Kenya kila mara, na ndilo tunalolipenda kuliko yote.

Kwanza twende taratibu. Olunga alitoka Gor Mahia kwenda Djurgården ya Sweden. Mwaka 2017 akaenda Guizhou Zhicheng ya China, na hapo kweli alifuata pesa, kisha nafasi za wageni kikosini zikabana, akapelekwa Girona kwa mkopo. Januari 2018 akafunga mabao matatu dhidi ya Las Palmas, La Liga, ushindi wa 6-0. Badala ya kubaki Hispania akaangukia Kashiwa Reysol ya Japani, timu ikashuka daraja, naye akabaki nayo. Novemba 2019 akafunga mabao manane katika mechi moja, Kashiwa wakiifunga Kyoto Sanga 13-1. Mabao manane. Mwaka 2020, wakiwa wamerudi daraja la kwanza, akafunga 28, akawa mfungaji bora na mchezaji bora wa ligi yote ya Japani.

Umri wake wakati huo: 26. Ndipo Januari 2021 akasaini Al-Duhail ya Qatar, na Wakenya wakashika vichwa.

Sasa weka ofa pembeni, tazama makaratasi. Januari hiyohiyo Uingereza ilianza kutumia mfumo mpya wa pointi kwa vibali vya wachezaji kutoka nje, na sehemu kubwa ya pointi inatokana na mechi za timu ya taifa iliyo ndani ya 50 bora za FIFA. Kenya ilikuwa mbali nje ya 50 hizo. Mchezaji wa kiwango kilekile mwenye pasi ya Senegal alikuwa na mlango ambao mwenye pasi ya Kenya hakuwa nao. Kwingineko Ulaya kuna vikomo vya idadi ya wachezaji wasio wa Umoja wa Ulaya, na klabu hutumia nafasi hizo chache kwa kijana wa miaka 20 atakayeuzwa tena, si kwa straika wa 26 kutoka Japani. Tunaposema mtu kachagua pesa badala ya ndoto, tuulize kwanza kama ile ndoto ilikuwa inauzwa kwake.

Qatar alifunga kama kawaida yake: mfungaji bora wa klabu bingwa Asia mwaka 2021, mfungaji bora wa ligi misimu miwili mfululizo. Na Harambee Stars haikukosa kitu, maana tangu AFCON ya 2019 haikufuzu tena fainali zilizofuata. Mwaka 2022 ilikuwa imefungiwa na FIFA kabisa. Sisi Watanzania tunaikumbuka ile ya 2019. Cairo, Msuva akatangulia kufunga, Samatta akaongeza, Olunga akapachika mawili na Kenya wakaondoka na 3-2.

Tunachokubali: alipaswa kujaribu Ulaya mwaka 2018, pale Girona, kwa nguvu zote. 2021 ilikuwa imechelewa.

Na Victor Wanyama?

Tofauti. Machi 2020 alikuwa na miaka 28, Tottenham hapangwi, fainali ya Ligi ya Mabingwa ya 2019 aliitazama kutoka benchi. Thierry Henry akamwita Montreal, akaenda kucheza. Huyo alifuata dakika za kucheza.

Msuva naye kafuata pesa tu? Kila mwaka nchi mpya.

Kafuata kazi. Yanga, kisha Morocco na Difaâ El Jadida mwaka 2017, Wydad, Al-Qadsiah ya Saudia, JS Kabylie ya Algeria, Al-Najma tena Saudia, Iraq. Hizo klabu mbili za Saudia zilikuwa daraja la pili alipozichezea, kwa hiyo msimchanganye na akina Benzema. Ukiangalia njia hiyo unaona mtu wa mkataba mfupi, anayekwenda anapohitajika mfungaji, anarudi kuitumikia Stars na kufunga: AFCON ya 2019 dhidi ya Kenya, ile ya 2023 dhidi ya Zambia. Alipogombana na Wydad kuhusu malipo alikwenda FIFA, na FIFA ikaamua kwa upande wake. Wachezaji wetu wengi wangenyamaza na kurudi nyumbani kimyakimya.

Hapa nyumbani jambo hili lipo?

Lipo sana, na mara nyingine mtu hahami hata mkoa. Feisal Salum, Fei Toto, alitaka kuondoka Yanga Desemba 2022 kabla mkataba haujaisha. Ikawa kesi TFF miezi na miezi, mitandao ikajaa maneno ya ugali na sukari, hadi Juni 2023 akatua Azam. Kutoka Jangwani hadi Chamazi ni daladala mbili, kimataji ni safari ndefu. Yanga waliendelea kutwaa ubingwa bila yeye. Lakini msimu wake wa kwanza Azam alifunga 19, mawili tu nyuma ya Aziz Ki, na timu ikamaliza ya pili. Aliyesema "amepotea" aseme amepotelea wapi.

Walioumia ni Clatous Chama na Luis Miquissone. Agosti 2021 Simba iliwauza wote wawili, Chama RS Berkane ya Morocco na Miquissone Al Ahly ya Misri, ile Ahly ambayo yeye mwenyewe aliifunga Dar miezi sita nyuma. Hizo ni ligi kubwa kuliko yetu, kwa hiyo huwezi kusema walishusha malengo. Chama alirudi Msimbazi Januari iliyofuata. Miquissone alikosa namba Cairo, akapelekwa Abha ya Saudia kwa mkopo, akarudi Simba 2023 si yule tena. Tunawataja kwa sababu ubishi huu unasahau upande wa pili: kupanda nako kunaweza kumuua mchezaji, na benchi la klabu kubwa halina huruma kuliko uwanja wa klabu ndogo.

Fiston Mayele ndiye aliyepatia. Aliondoka Yanga 2023 akaenda Pyramids, klabu ya Cairo yenye pesa na isiyo na historia wala mashabiki wa kutisha. Watu wakasema kafuata hela. Tarehe 1 Juni 2025 akafunga kwenye mechi ya marudiano ya fainali dhidi ya Mamelodi Sundowns, Pyramids wakawa mabingwa wa Afrika. Hela na medali vikaja pamoja.

Kuna hatari gani zaidi ya kushuka kiwango?

Kutolipwa. Hii ndiyo inayotutisha kuliko mijadala yote ya ndoto.

Anzhi walimlipa Eto'o mshahara ulioripotiwa kufika euro milioni 20 kwa mwaka. Klabu ni ya Makhachkala, lakini wachezaji waliishi na kufanya mazoezi Moscow, wakapanda ndege kwenda kucheza mechi za nyumbani. Agosti 2013 mmiliki, Suleyman Kerimov, akapunguza bajeti. Mastaa wakauzwa ndani ya wiki chache na timu ikashuka daraja msimu uleule. Leo klabu hiyo haipo. Jiangsu Suning walitwaa ubingwa wa China Novemba 2020, Februari 2021 wakafunga shughuli. Guangzhou, mabingwa mara nane wa China na mara mbili wa Asia, walinyimwa leseni Januari 2025 wakavunjika. Pesa ya mtu mmoja inaondoka na hasira za mtu mmoja.

Mwaka 2016 chama cha kimataifa cha wachezaji, FIFPRO, kilihoji wachezaji wapatao 14,000 katika nchi 54: asilimia 41 walikuwa wamecheleweshewa mishahara ndani ya misimu miwili, na zaidi ya asilimia 45 walipata chini ya dola 1,000 kwa mwezi. Huo ndio mpira wenyewe. Hao wa Riyadh ni wachache mno.

Na klabu zetu nazo hupigwa. Simba ilimuuza Emmanuel Okwi kwa Étoile du Sahel ya Tunisia mwaka 2013 kwa dola 300,000, kisha ikazifukuzia pesa hizo FIFA kwa muda mrefu huku mchezaji mwenyewe akiwa amesharudi Afrika Mashariki.

Klabu iliyomlea inapata chochote?

Inapata, kama kuna ada ya uhamisho. Kanuni ya mshikamano ya FIFA inatenga asilimia 5 ya ada kwa klabu zilizomlea mchezaji kuanzia msimu wa miaka 12 hadi 23. Miaka ya kuanzia 16 ndiyo inayolipa zaidi. Chukua uhamisho wa euro milioni 10: fungu ni 500,000, na klabu iliyokuwa naye misimu mitatu kuanzia 16 inachukua 150,000. Kwa kituo cha soka cha Mwanza au Kisumu hizo ni mipira, viatu na basi.

Lakini mchezaji akiondoka bure baada ya mkataba kuisha, asilimia 5 ya sifuri ni sifuri. Wachezaji wengi wanaokwenda Ghuba kutoka kwetu huondoka hivyo, na ada ya kusaini huchukua wao na wakala. Kituo kinabaki na picha ukutani.

Wapo waliokataa pesa?

Kylian Mbappé, Julai 2023. Al-Hilal waliweka mezani euro milioni 300 kwa PSG, klabu ikaruhusu mazungumzo, yeye akakataa hata kukutana nao. Mwaka uliofuata akaenda Real Madrid. Mohamed Salah hutajwa pia, ila kumbuka aliyekataa pauni milioni 150 za Al-Ittihad mwaka 2023 ni Liverpool. Messi aliikataa Al-Hilal akachagua Miami, nasi tunaomba asihesabiwe kwenye orodha ya waliojinyima.

Mwandishi, wewe ungekwenda?

Kesho asubuhi.

Mdogo wangu amepata ofa ya klabu ya Uarabuni. Aangalie nini kabla hajasaini?

Aanze na orodha ya FIFA ya klabu zilizofungiwa kusajili. Iko wazi kwenye tovuti yao. Klabu ikiwemo humo, mara nyingi kuna mchezaji mwenzake hakulipwa. Pia FIFA wana orodha ya mawakala wenye leseni, atafute jina la huyo anayempigia simu usiku.

Mkataba asomewe na mtu anayejua sheria za michezo, katika lugha anayoielewa, na nakala iliyosainiwa na pande zote aondoke nayo siku hiyohiyo. Mshahara uandikwe kwa dola au euro na tarehe ya kulipwa itajwe. Nyumba, tiketi za ndege, bima ya matibabu na kibali cha kuishi viandikwe. Ahadi ya mdomo ya "utapewa gari" haina mahakama. Kama kuna kipengele kinachoiruhusu klabu kumwachisha akiumia, asisaini.

Akishafika, afungue akaunti ya benki na kukataa malipo ya mkononi, maana bila rekodi hana ushahidi. Akikosa mishahara ya miezi miwili, kanuni za FIFA zinamruhusu kuiandikia klabu madai na kuipa angalau siku 15 ilipe. Isipolipa, anaweza kuvunja mkataba kwa sababu halali na kudai haki yake. Barua ipelekwe kwa maandishi na nakala ibaki. Asiache mazoezi kabla ya siku hizo kuisha. Akigoma mapema, yeye ndiye anayegeuka kuwa mvunja mkataba.

Mbona Samatta hamkumweka?

Kwa sababu haingii humu. TP Mazembe, Genk, Aston Villa, Fenerbahçe, PAOK, Le Havre. Akisaini Doha tutaongeza swali.